MVI NI TAJI: NENO KWA WAMAMA WAZEE NA KWA KANISA LOTE

Masomo ya kusoma nyumbani: Walawi 19:32, Mithali 16:31 na 20:29, Isaya 46:3-4, Mathayo 5:36, Luka 2:36-38, Ufunuo 1:12-16.

 Wamama wazee, neno la mwezi huu ni lenu.

Tunataka kusema juu ya nywele nyeupe. Pengine mtu atacheka na kuuliza: Je, kanisa limekosa neno la kuhubiri, hata lihubiri nywele za wamama? Huyo na asome kwanza. Nywele nyeupe zimetajwa katika Torati, katika Mithali, katika Manabii, katika Injili na katika Ufunuo. Tena hapa kwetu Kivu jambo hili limekuwa jambo la uhai na kifo, na kanisa likinyamaza juu ya uhai wa mtu, mahubiri yake mengine ni kelele tu.

1. KWA NINI MAMA ANAFICHA MVI ZAKE?

Mkitazama wamama wetu siku ya ibada, mtaona wengine wamefunga kitambaa hadi kwenye nyusi, unywele mmoja usionekane. Wengine nywele zao ni nyeusi kuliko za binti zao. Hatuwacheki. Tunauliza sababu, na tukiwasikiliza wenyewe tunaona ziko tatu.

Sababu ya kwanza ni kupenda kupendeza. Hiyo si dhambi. Mungu aliyevika maua ya kondeni hakasiriki mama akijitazama katika kioo.

Sababu ya pili ni kazi. Mama anayeuza sombe na maharagwe katika soko la Virunga, au anayebeba mizigo Birere, anaogopa waseme amechoka, wampe kazi wasichana. Huyo anatafuta chakula cha wajukuu, na Mungu anajua.

Sababu ya tatu ni woga. Mama anaogopa kuitwa mchawi. Anajua kwamba siku mtoto wa jirani akifa kwa homa, watu watatazama kwanza kichwa chenye nywele nyeupe na macho mekundu. Kwa hiyo anapaka rangi nyeusi kama vile mtu anavyofunga mlango usiku akisikia risasi. Ni kwa sababu hii ya tatu tumeandika.

2. DAMU IMEKWISHA KUMWAGIKA

Mtu asiseme tunatia chumvi. Mwezi wa Septemba 2021, jirani zetu wa Kivu ya Kusini waliona wanawake 8 wakiuawa, wengine kwa kuchomwa moto, kwa sababu walishtakiwa uchawi. Na katika vijiji vile walikuwako watu waliojiita wahubiri na waonaji, wakipita na kuonyesha kwa kidole: mchawi ni huyu, na yule.

Mwezi uliofuata, tarehe 17 Oktoba 2021, huko Marani katika nchi ya Kisii, Kenya, wamama wanne waliuawa na kuchomwa kwa shtaka lilo hilo. Katika Tanzania, upande wa Shinyanga na Mwanza, kwa miaka mingi wamama wazee walikatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, maana walipika kwa kuni na kwa mavi makavu ya ng'ombe maisha yao yote.

Na pwani ya Kenya, katika kaunti ya Kilifi, hata wanaume wazee walianza kupaka nywele zao rangi nyeusi ili wasiuawe. Huko Ganze kuna mahali panaitwa Kaya Godoma, ambapo wazee walioshtakiwa wamekimbilia ili wapate kuishi. Tafakarini, ndugu: baba wa nyumba, mwenye watoto na wajukuu, anapaka rangi kichwani ili mwanawe mwenyewe asimwue! Mara nyingi ukichunguza hutaona uchawi, utaona shamba. Kijana anataka kiwanja, mama mjane yuko juu ya kiwanja, basi neno la uchawi linakuwa jembe la kumng'olea.

3. MVI ZINATOKA WAPI?

Tuseme waziwazi, vijana wasikie. Katika shina la kila unywele mna chembe ndogo sana zinazotengeneza rangi. Rangi hiyo inaitwa melanini, ndiyo hiyo hiyo inayotia ngozi yetu weusi. Miaka ikipita, chembe hizo zinachoka na kupungua, na unywele unaota bila rangi. Ndiyo mvi. Hakuna usiku wala nyoka wala ndege wa usiku katika jambo hili.

Sisi Waafrika, wengi wetu, mvi zinaanza karibu na miaka 45. Lakini kuna familia ambazo zinaanza mapema zaidi, kwa urithi. Ukiona mama wa miaka 35 ana mvi, muulize mama yake zilimwota lini, naye atakupa jibu.

Macho mekundu nayo yana sababu zake: moshi wa makala na kuni, magonjwa ya macho, na usingizi uliopotea kwa mawazo. Na yule koko anayesema peke yake, anayetoka usiku akitafuta nyumba iliyokwisha kuanguka zamani, ana ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee katika kila nchi. Anahitaji mtu wa kumshika mkono na kumrudisha kitandani, wala hahitaji mahakama ya vijana wenye mawe.

Na mtoto akifa? Wengi wenu mnakumbuka Julai 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walipoingia Goma kwa mamia ya maelfu, kipindupindu kikaanza, na maelfu wakafa katika majuma machache. Ni koko gani aliyewaloga? Walikufa kwa maji machafu. Malaria nayo haiulizi jirani ana mvi au hana. Mtoto akipata homa, mpelekeni hospitalini upesi, msipoteze siku tatu mkimtafuta mchawi.

4. BIBLIA INAFUNDISHA NINI?

Katika Walawi, Mungu anawaagiza watu wake wasimame mbele ya mwenye mvi na kumheshimu mzee, na papo hapo anaunganisha amri hiyo na kumcha Yeye mwenyewe. Basi anayemdharau mama mzee asiseme anamwogopa Mungu.

Sulemani katika Mithali anafundisha kwamba nywele nyeupe ni taji, na kwamba wanaolivaa ni wale waliotembea katika haki. Mahali pengine anasema kijana ana utukufu wake, nao ni nguvu, na mzee ana wake, nao ni mvi. Angalieni: hakumpa mzee utukufu wa kijana. Kila umri umepewa vazi lake.

Katika Isaya Mungu anawaambia watu wake kwamba aliwachukua tangu tumboni, naye atawabeba hata nywele zao zitakapokuwa nyeupe. Miungu ya Babeli ilibebwa juu ya wanyama waliochoka, lakini Mungu wetu ndiye anayebeba wazee. Na Bwana Yesu, katika Mathayo sura ya 5, anatukumbusha kwamba mtu hana uwezo wa kugeuza unywele mmoja uwe mweupe au mweusi. Rangi ya dukani inapaka nje tu, na baada ya majuma machache shina linatoka tena na ukweli wake.

Lakini neno kubwa kuliko yote liko katika Ufunuo. Yohana, akiwa katika kisiwa cha Patmo, alipomwona Bwana katika utukufu wake, aliona kichwa na nywele nyeupe kabisa, hata akakosa mfano akataja sufu na theluji. Danieli naye, katika sura ya 7, alimwona Mzee wa Siku, na nywele zake zilikuwa kama sufu safi. Sisi ni kanisa linaloheshimu maono. Basi tunauliza: yule anayesema nywele nyeupe ni alama ya shetani, maono haya atayaweka wapi? Alama ambayo Bwana mwenyewe amejivika katika kiti cha utukufu, nani ameipeleka kwa wachawi?

Tena mkumbuke Ana binti Fanueli, mjane wa miaka mingi, ambaye Luka anataja umri wake miaka 84. Hakuondoka hekaluni. Mtoto Yesu alipoletwa, makuhani wengi walipita bila kujua, lakini mama yule mzee alimjua, akaanza kutangaza habari zake. Kama Ana angeishi katika mtaa wetu, mjane peke yake, mzee sana, anayefunga na kukesha usiku, je, watu wangemwita nabii au wangemwita jina lingine?

5. MAMA MZEE ALIYELINDA KAZI YA MUNGU KONGO

Tusitafute mfano mbali. Katika mwaka 1921, Nabii Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa huko Nkamba. Kazi yake ilidumu miezi michache tu. Serikali ya Wabelgiji ilimkamata mwezi wa Septemba mwaka ule ule, ikamhukumu kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alikaa gerezani miaka 30, akafa Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951.

Katika miaka ile yote, nani aliyetunza moto usizimike? Ni mke wake, Mama Marie Muilu. Wakati waamini walipohamishwa na kutawanywa katika Kongo, yeye aliwaongoza kwa siri, akalea wana watatu, akashikilia sala. Alianza kazi ile akiwa mama mwenye nguvu, akaimaliza akiwa mzee. Alikufa tarehe 27 Aprili 1959, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule kanisa lile likatambuliwa na serikali. Miaka 38 ya uchungaji wa mwanamke, na sehemu yake kubwa ni miaka ya uzee! Makanisa ya manabii katika nchi hii yamepita katika mikono ya wamama wazee. Kumtupia mawe mama mzee ni kutupia mawe mlango tulioingilia.

Na wamama wetu wa Goma? Mama mwenye miaka 70 leo ameona moto wa Nyiragongo ukishuka mara tatu: tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021. Ameona wakimbizi wa 1994, vita ya 1996, na vita iliyoingia mjini Januari 2025. Amejenga nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, ikaungua, akajenga tena. Huyo mama mvi zake amezilipia. Atuambie nani kwamba amezipata kwa uchawi?

6. MAMA, TUNZA TAJI LAKO

Sasa neno kwenu wamama wenyewe. Hatuandiki hapa amri mpya. Mama anayepaka rangi hatumfukuzi katika kwaya, wala mama anayeacha mvi zake zionekane si mtakatifu kuliko mwenzake. Petro anawafundisha wanawake kwamba uzuri unaodumu ni ule wa moyo. Lakini taji likiwa kichwani halifai kuwa chafu. Kuacha mvi si kuacha kichwa.

Mvi zinaota kavu na ngumu kuliko nywele nyeusi, kwa hiyo zinataka mafuta mara kwa mara, kidogo kidogo, hasa kwenye ncha na kwenye ngozi ya kichwa. Zioshe vizuri kwa sabuni isiyo kali, maana moshi wa makala unazigeuza kuwa za manjano. Chanua kwa kitana chenye meno mapana. Kama nywele zimekuwa chache, kata fupi, sawasawa pande zote. Mama mwenye nywele nyeupe fupi zilizokatwa vizuri anapendeza kama mtu aliyevaa kwa sikukuu. Kama ni ndefu, zisukwe misuko mikubwa isiyovuta, kwa sababu misuko inayokaza sana inang'oa nywele za paji la uso, na katika uzee hazirudi upesi. Kitambaa nacho ni kizuri, kifunge kwa heshima, lakini kifungue nyumbani ngozi ipate hewa, wala usikifunge juu ya nywele zenye maji. Na rangi za kitenge zilizokolea, kama buluu au kijani, zinakaa vizuri sana karibu na nywele nyeupe. Jaribuni, mtaona.

Kwa mama anayechagua rangi ya dukani, tunampa onyo moja la afya. Rangi nyingi nyeusi zina dawa inayoitwa parafenilinidiamini. Watu wengine inawavimbisha uso na macho, na kuwatoa malengelenge kichwani. Kwanza pakaza kidogo nyuma ya sikio au ndani ya mkono, ngoja siku mbili. Ukiwashwa au ukivimba, usiitumie kamwe. Usipake kwenye nyusi, wala siku ile ile uliyotia dawa ya kunyoosha nywele.

Na zaidi ya nywele, taji lina kazi. Tito sura ya 2 inawapa wamama wazee kazi ya kufundisha wamama vijana. Mama, ukikubali mvi zako, kubali na kazi yake: patanisha, ombea, fundisha. Hosea anamlilia Efraimu kwamba mvi zimemwota na yeye hana habari. Isiwe hivyo kwako. Kila asubuhi ukichanua nywele nyeupe, zikukumbushe kwamba siku zimehesabiwa na kwamba bado unayo siku ya leo.

7. WAJIBU WA KANISA

Hapa, ndugu, ndipo penye mzigo. Hatuwezi kumwambia mama, vaa taji lako, kisha tumwache peke yake na taji hilo katika mtaa wenye mawe. Mama hataacha woga kwa sababu tumehubiri. Ataacha siku atakapoona kuwa kanisa linasimama mbele yake.

Kwanza, juu ya maono. Tunaamini Roho Mtakatifu anasema hata leo. Kwa sababu hiyo hiyo sisi tunapaswa kuwa wakali kuliko makanisa mengine. Yohana anaagiza roho zipimwe. Torati inataka mashahidi wawili au watatu kabla ya mtu kuhukumiwa. Basi ono lolote linalomtaja mama mzee kuwa mchawi lisitangazwe ibadani, lisipelekwe mtaani, lisinong'onwe kisimani. Roho aliyemjaza Ana mjane hawezi kuja kumwua mjane.

Pili, juu ya ulinzi. Mkisikia neno la uchawi limetajwa juu ya mama, msingoje kesho. Mashemasi waende usiku ule ule, wawe watatu au wanne, walale kwake au wamhamishe katika nyumba salama, na wakubwa wa mtaa wajulishwe. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inasema wazee wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Sheria ikilala, kanisa lisilale.

Tatu, juu ya upweke. Mama anayeshtakiwa mara nyingi ni mama asiye na mtu. Kila mjane mzee wa kanisa awe na nyumba mbili zinazomtembelea kila juma. Wamleteeni maji, wamletee makala, na binti mmoja amsuke nywele mbele ya mlango, mchana, watu wote wakiona. Jirani akiona mikono ya kijana ndani ya nywele zile nyeupe bila woga, amehubiriwa.

Nne, juu ya watoto. Katika shule ya Jumapili wafundishwe kusimama mama mzee akiingia, na kumpa kiti. Mtoto aliyezoea kusimama kwa ajili ya koko, akiwa kijana hataokota jiwe. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Tukiwaua au kuwafukuza wazee wetu, ni nani atakayelinda maneno yetu yasiharibike?

SALA

Ee Baba, Mzee wa Siku, wewe uliyehesabu nywele zetu zote, tunakushukuru kwa wamama wetu wa Goma na Kivu yote. Uliwavusha katika moto wa mlima na katika moto wa bunduki. Ondoa woga katika vichwa vyao na ondoa mawe katika mikono ya vijana wetu. Funga midomo ya waonaji wa uongo. Wape wajane watu wa kuwalinda, na utupe sisi kuwa watu hao. Uwabebe kama ulivyoahidi, hata siku watakapokuona uso kwa uso. Kwa Jina la Yesu Kristo. Amina.

Mwenye kusoma na amsomee mama mzee aliye jirani yake, ambaye macho yake hayaoni tena maandishi. Amani ya Bwana iwe katika nyumba zenu.